Boom likipandishwa nani anapata nafuu? Tuipige hesabu kabla ya kushangilia

#1 Mtumishi Mkatwaji (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kila bajeti ya Wizara ya Elimu inapokaribia kusomwa Dodoma, lazima mtu arushe kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba boom linapanda. Ndani ya saa moja wanafunzi wanapongezana, picha ya waziri imeshabandikwa maandishi mekundu, na mwenye duka la simu Ubungo ameshaagiza mzigo. Halafu kimya. Safari hii naomba tuiweke hiyo namba mezani tuikague, hasa sisi wa Dar.

Kwa wasiojua, boom ni ile pesa ya chakula na malazi inayotoka Bodi ya Mikopo. Enzi za Kikwete ilitoka 5,000 kwa siku ikaenda 7,500, na kabla hajaondoka ikawa 8,500. Awamu ya Tano yote ikakaa hapohapo. Awamu ya Sita ikaja na 10,000. Mimi nilisoma kwa 7,500. Mdogo wangu yuko mwaka wa pili kwenye chuo kimoja hapa mjini, anapokea kwa kiwango cha 10,000. Kwa macho dogo ananizidi 2,500 kwa siku. Kwa tumbo sina uhakika.

Angalieni. Pesa inatoka kwa mikupuo, kila mmoja wa siku kama 60. Mkupuo wangu ulikuwa 450,000, waliofuata wakapata 510,000, wa sasa ni 600,000. Dogo kakosa hosteli, kapata chumba Msewe kwa 70,000 kwa mwezi, choo cha kuchangia, LUKU mnagawana watu watano. Mwenye nyumba hataki kusikia habari ya mwezi mmoja mmoja, anataka ya miezi sita mkononi: 420,000. Toa kwenye 600,000, inabaki 180,000. Mtoe na dalali, ambaye mnajua kabisa anachukua kodi ya mwezi mzima kwa kukuonyesha mlango. Inabaki 110,000 ya kula siku 60. Haifiki 2,000 kwa siku, na hapo godoro bado liko dukani.

Hilo la kwanza. La pili ndilo linaloniuma zaidi: tunashangilia kama tumepewa, wakati ni mkopo. Tofauti ya 1,500 kwa siku, kutoka 8,500 hadi 10,000, kwa siku 240 za mwaka wa masomo, ni 360,000. Digrii ya miaka mitatu ni 1,080,000 juu ya deni. Mtu akija kuajiriwa kwa mshahara wa msingi wa 800,000, makato ya asilimia 15 ni 120,000 kwa mwezi, kwa hiyo ile nyongeza peke yake inamla miezi tisa. Mimi nakatwa hiyo 15 kila mwezi, najua inavyokaa kwenye salary slip ikiwa imepangwa foleni na PSSSF, bima na PAYE. Zamani makato yalikuwa 8, sheria ikarekebishwa 2016 yakawa 15.

La tatu, kiwango kinapandishwa kwa huruma, hakuna kanuni. Kikikaa miaka saba bila kuguswa huku bei zinapanda, mwanafunzi anapunguziwa kila mwaka bila tangazo. Tuseme mfumuko wa bei ni asilimia 4 tu kwa mwaka: 8,500 baada ya miaka saba ilitakiwa iwe karibu 11,200 ili inunue vilevile. Tumepewa 10,000 tukapiga vigelegele.

Hoja yangu: Ofisi ya Taifa ya Takwimu inatoa mfumuko wa bei kila mwezi. Kwa nini kiwango kisirekebishwe chenyewe kila mwaka kwa namba hiyo, kiandikwe kwenye mwongozo wa mikopo, tuachane na kusubiri mtu apande jukwaani?

Karibuni.

#2 Chipsi Dume

Naweka kiti hapa. Ngoja waje wenye boom lao.

#3 Binti wa Changanyikeni

Kaka, shukrani kwa uzi. Mimi niko mwaka wa tatu, na hesabu yako ya chumba ni ya kweli tupu, ila umeishia mlangoni. Ngoja nikuingize ndani.

Asubuhi chai na chapati mbili kwa mama wa pale kona ni 1,500. Mchana wali maharage 2,000, ukiongeza nyama 3,000. Usiku tunapika watu watatu kwa kuchanga: unga, dagaa, nyanya za fungu, mkaa wa kopo. Siku ikienda vizuri nimetumia 5,000 ya chakula. Siku nikiwa na shughuli Posta ni daladala mbili kwenda na mbili kurudi, 600 kila moja, 2,400 imeondoka na sijanunua hata maji. Ile nauli ya mwanafunzi ni ya wenye sare. Ukimwambia konda wewe ni mwanafunzi wa chuo anakuangalia kichwani: "Mwanafunzi gani ana wigi?"

Halafu kuna kutoa kopi za hendiauti, kuna bando maana siku hizi kazi zote zinatumwa kwa mtandao, kuna pedi, kuna mchango wa kazi ya kikundi ambao kiongozi wa kikundi hatoi risiti. Hela ya vitabu na shajala ni 200,000 kwa mwaka mzima. Nyie mnabishana kuhusu 8,500 na 10,000, hiyo 200,000 hakuna hata anayeitaja.

Na mjue kitu kimoja, wanaopiga vigelegele wengi hawajui: 10,000 ni dari. Mwongozo unasema isizidi hapo, haujasema kila mtu apewe hiyo. Ninayekaa naye chumba kimoja anapata pungufu yangu, na mwenye nyumba hajampunguzia hata senti.

#4 Hesabu Hazidanganyi

Mleta mada unajua kuhesabu ila unachagua pa kuanzia.

Kodi ya miezi sita umeitwisha mkupuo mmoja. Mkupuo wa pili hauna kodi. Tandaza mwaka mzima: mikupuo minne ni 2,400,000. Kodi ya miezi 12 kwa 70,000 ni 840,000. Inabaki 1,560,000, gawa kwa siku 240, ni 6,500 kwa siku baada ya kulipa nyumba. Binti hapo juu anakula 5,000. Kwa hiyo kiwango ni kidogo lakini si cha njaa. Kinachomuua mdogo wako ni kwamba mwenye nyumba anataka kwa miezi sita na Bodi inalipa kwa miezi miwili. Hata ukipandisha boom mpaka 12,000, Oktoba atalala njaa vilevile.

Kuhusu deni, hapo ndipo sikubaliani kabisa. Ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021, pamoja na adhabu ya asilimia 10. Kilichobaki ni ada ya uendeshaji asilimia 1. Maana yake unakopa shilingi ya leo, unarudisha shilingi ya miaka kumi ijayo, bila riba. Kwa mfumuko huohuo wako wa asilimia 4, shilingi 1,000 ya leo baada ya miaka kumi inanunua vitu vya kama 675. Theluthi moja serikali imekusamehe bila barua. Benki gani itakupa hiyo? Mwanafunzi mwenye akili achukue kila senti anayopewa.

#5 Chipsi Dume

"Serikali imekusamehe bila barua." Mkuu umeua.

#6 Mtumishi Mkatwaji

Hesabu, nakubali la kutandaza, na kwa kweli umenisaidia maana linaonyesha tatizo la ratiba. Ila usiruke: 6,500 yako ni ya mtu anayepata 10,000 kamili, mikupuo minne yote, kwa wakati. Soma alichosema Binti kuhusu mwenzake.

Kwenye theluthi ya msamaha, fuata mlolongo hadi mwisho. Marejesho yetu sisi tunaokatwa ndiyo yanaingia kwenye mfuko wa kukopesha wanaofuata. Kama ninarudisha shilingi iliyochoka, dogo wa 2035 anakopeshwa kwa nini? Pengo linajazwa na Hazina, na Hazina ikibanwa kitu cha kwanza kuachwa bila kuguswa ni kiwango cha siku. Ndiyo maana ya kuganda miaka yote ile. Wewe unaona msamaha, mimi naona sababu ya kutopandisha.

#7 Mstaafu wa Mlimani

Vijana, nimesoma hadi hapa nikatabasamu.

Sisi wa miaka ya themanini Mlimani tulilipiwa vyote: ada, chumba, chakula cha kafeteria, nauli ya kwenda likizo kwetu Bukoba kwa treni na meli. Lakini tulikuwa wachache sana, vyuo vikuu viwili nchi nzima, na msije mkaambiwa ilikuwa bure. Ulikwenda JKT kwa mujibu wa sheria, ukimaliza chuo unapangiwa kazi popote, ukipelekwa Nkansi unakwenda Nkansi. Nchi ilikuwa inajua itakulipisha vipi.

Na ugomvi wa nani anamdai nani ni wa zamani kuliko Bodi. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya JKT, mojawapo kwamba sehemu kubwa ya muda huo wangelipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu akawafukuza karibu mia nne, na hapohapo akajikata mshahara wake asilimia 20 na wa wakubwa wenzake. Leo mkidai nyongeza hakuna anayewafukuza, na hakuna anayejikata mshahara.

Uchangiaji ulianza mwanzoni mwa miaka ya tisini, Bodi ikaja na sheria ya 2004 na kuanza kazi 2005. Nasema hivi ili mjue kwamba mkopo ulikuwa uamuzi wa watu, siyo mvua. Kinaweza kuamuliwa kingine.

#8 Binti wa Changanyikeni

Shikamoo babu. Treni na meli kwa hela ya serikali! Sisi ukisafiri likizo unauza jiko la gesi, ukirudi unanunua jingine.

#9 Samia wa PCM

Niongeze tu kwamba kingine kilishaamuliwa, ingawa kwa wachache. Mimi niko kwenye Samia Scholarship, ilianza mwaka wa masomo 2022/23 kwa waliofanya vizuri sana kidato cha sita tahasusi za sayansi, ukasome sayansi, uhandisi, tiba na kadhalika. Inasimamiwa na Bodi hiyohiyo, ila ni ufadhili, sirudishi. Kwa hiyo kiwango kikipanda mimi napanda bila deni, na ninayekaa naye bweni moja anapanda na deni. Tunakula kwa mama mmoja, sahani moja. Hatulizungumzi sana, lakini lipo.

#10 Dogo wa Makongo

Wakuu samahani kwa kuingilia. Mimi mwaka wa kwanza nilipata ada asilimia fulani na boom pungufu. Mzee wangu amefariki mwezi wa tatu. Sasa hivyo viwango vinabadilishwaje? Vinabadilika vyenyewe nikiingia mwaka wa pili au kuna pa kwenda?

#11 Afisa Asiye na Ofisi

Pole sana mdogo wangu. Nilikuwa nasoma tu kimya, lakini hili nalijibu maana nakaa dawati la mikopo kwenye chuo fulani na swali lako naulizwa kila wiki.

Tenganisha vitu viwili. Kuna kiwango cha juu cha nchi nzima, hiki wanachobishania hapa. Na kuna kiwango chako wewe, unachokiona kwenye akaunti yako ya SIPA (ile akaunti yako binafsi kwenye mfumo wa Bodi), kilichotokana na tathmini ya uhitaji wako siku ulipoomba. Mfumo haujui kwamba mzee amefariki. Unajua ulichojaza wakati ule, kwamba baba yupo na anafanya kazi fulani. Hakuna mtu atakayekupigia simu kuuliza.

Njia yako ni rufaa. Dirisha la rufaa likifunguliwa unaingia kwa akaunti yako, unaambatanisha uthibitisho. Cheti cha kifo hakitoshi kukipiga picha tu ukapakia, lazima kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na kama ni Zanzibar kwa mamlaka yao ya usajili wa matukio. Hapo ndipo wengi wanakwama: wanaanza kutafuta cheti siku dirisha linafunguliwa, jina la baba kwenye cheti cha kuzaliwa ni Rashidi lenye "i" mwishoni, kwenye cheti cha kifo ni Rashid. Uhakiki unarudi. Anza leo, usisubiri tangazo. Kama kaya yenu iko TASAF, ule mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, weka namba ya kaya. Kama wewe au mzazi aliyebaki ana ulemavu, pata fomu iliyosainiwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Hivyo ndivyo vinavyosogeza namba. Barua ya kulia machozi nimeziona nyingi, nzuri sana nyingine, hazisogezi kitu.

Kingine ambacho hakitangazwi: kwa anayeendelea, pesa ya mwaka unaofuata haitoki mpaka chuo kitume matokeo. Ukiwa na sapu (mtihani wa marudio), matokeo yako yanasubiri. Ukihama kozi au chuo, uhamisho unatakiwa upite kwanza kwa njia halali hadi TCU, tume ya vyuo vikuu, ndipo mkopo ukufuate. Nimeona kijana amehama kimyakimya akakaa muhula mzima anadhani Bodi imemsahau, kumbe jina lake liko kwenye orodha ya chuo alichotoka. Na namba ya akaunti ya benki: ukibadilisha, badilisha na kwenye mfumo. Usimpe mtu nywila yako akubadilishie, hata awe rafiki wa chumbani.

Hata kiwango cha juu kikipanda kesho, kama tathmini yako imekuweka chini, utapanda kidogo tu. Kwa mtu kama wewe rufaa ina uzito kuliko bajeti nzima ya wizara.

#12 Dogo wa Makongo

Asante sana kaka. Cheti tunacho ila jina la kati limekosewa. Kesho naanza nalo.

#13 Mbagala hadi Ohio

Habari za bongo wakuu. Nimeona neno ufadhili nikasema niwape picha ya huku, maana mleta mada anadhani kanuni ya mfumuko wa bei ni dawa.

Huku Marekani kuna Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wa digrii ya kwanza wenye kipato cha chini. Ilianzishwa 1972 kwa jina jingine, baadaye ikapewa jina la Seneta Claiborne Pell. Hairudishwi. Mimi niko na green card kwa hiyo nastahili. Mtanzania mwenye viza ya mwanafunzi haipati, msije mkadanganywa na mawakala. Kiwango cha juu ni dola 7,395 kwa mwaka. Kilifika hapo 2023/24, na 2024/25 na 2025/26 kikabaki palepale. Bei ya mayai haikubaki palepale.

Sasa sikia. Kati ya 2013 na 2017 sheria ilitaka sehemu ya ruzuku hii ipande yenyewe kufuata mfumuko wa bei. Ndiyo hoja yako hasa. Ikatoka 5,550 mwaka 2012/13 ikafika 5,920 mwaka 2017/18. Kifungu kikaisha muda wake, tangu hapo Bunge linapanga kwa mkono kila mwaka. Kwa mkono ikatoka 5,920 ikafika 7,395 ndani ya miaka sita.

Jambo moja ninalolipenda huku: kiasi chako kinafuata hali yako. Nikipunguza masomo muhula huu, chuo kinapiga upya hesabu, napata asilimia ya nilichojiandikisha. Na mzazi akipoteza kazi katikati ya mwaka, afisa wa chuo chako mwenyewe ana mamlaka ya kurekebisha taarifa zako akishaona vielelezo. Humwandikii mtu aliye mji mwingine. Unakaa naye uso kwa uso.

#14 Hesabu Hazidanganyi

Ohio umemaliza mjadala. Kanuni ilileta dola 370 kwa miaka mitano, siasa ikaleta 1,475 kwa miaka sita. Mleta mada anataka kutufunga kwenye asilimia 4 milele. Mwanasiasa akitaka kura atakupa zaidi ya Ofisi ya Takwimu.

#15 Mtumishi Mkatwaji

Na asipotaka kura? Huyohuyo Ohio amekwambia miaka mitatu mfululizo imesimama palepale. Siku mkono ukiwa na hamu unapata nyingi, siku umechoka hupati kitu, na mwanafunzi hachagui mwaka wa kuzaliwa. Aliyeingia chuo 2016 hapa kwetu akatoka 2019 hakuona nyongeza hata ya shilingi. Huyo unamwambia siasa inalipa?

Kanuni ni sakafu. Hakuna anayezuiwa kujenga juu yake. Rais akitaka kuongeza 2,000 juu aongeze, tutapiga vigelegele halali. Ninachotaka ni kwamba asipoongeza mtu yeyote chochote, namba isioze.

Halafu lile la afisa wa chuo kuwa na mamlaka nimelipenda. Afisa Asiye na Ofisi, ungepewa wewe ungefanyaje?

#16 Afisa Asiye na Ofisi

Ningehama nyumba. Hapana, nacheka, lakini nusu ni kweli. Nina wanafunzi maelfu kwenye dawati la watu wachache. Nikipewa mamlaka ya kupandisha kiwango cha mtu, kesho yake shemeji wa kila mkubwa wa chuo ni yatima. Tathmini kuwa mbali ina ubaya wake, Dogo wa Makongo ameuona, ila ina uzuri kwamba haijui wewe ni mtoto wa nani. Ningetaka kitu kidogo zaidi: kifo cha mzazi kisisubiri dirisha. RITA wanacho cheti kwenye mfumo, Bodi wana jina la mzazi kwenye mfumo. Mifumo miwili ya serikali isalimiane tu.

#17 mama_wawili_chuo

Watoto wangu shikamooni zimefika, nami niseme la mzazi.

Nina wawili chuo kwa wakati mmoja, mmoja Chang'ombe, mwingine stashahada kwenye chuo cha ufundi. Nauza maandazi na supu Tandika, baba yao fundi ujenzi, kazi leo ipo kesho haipo. Huyu wa stashahada tulidhani mikopo ni ya digrii tu, jirani ndiye aliyetuambia kwamba tangu 2023/24 na wa stashahada kwenye fani za kipaumbele wanaomba. Tungekosa hivihivi.

Mnavyosema kiwango cha siku, kwangu mimi kinaonekana hivi: boom likichelewa wiki mbili, mtaji wa supu unakwenda chuoni. Natuma 20,000, natuma 15,000, na ada ya kutuma inanila. Likitoka, mtoto anarudisha kidogo, anasema mama nilikopa kwa wenzangu. Mtaji wangu haujawahi kurudi wote. Kwa hiyo baba uliyesema 6,500 kwa siku, hesabu yako ni nzuri ila hiyo mikupuo minne inayotoka siku yake kwenye karatasi ndiyo sijaiona. Mwanangu ninayeishi naye najua anakula nini. Wa Chang'ombe amepanga Temeke Mikoroshini na wenzake watatu chumba kimoja ili kodi ipungue, wanalala kwa zamu godoro likiwa moja la futi nne.

Mimi sitaki wabishane asilimia. Nataka tarehe. Mkiniambia itatoka tarehe 5, itoke tarehe 5, hata iwe 9,000.

#18 Binti wa Changanyikeni

Mama umesema kweli hadi nimeinamisha kichwa. Mwenye duka wangu wa kunikopesha unga anajua ratiba ya boom kuliko waziri wa mikopo wa serikali ya wanafunzi.

#19 Hesabu Hazidanganyi

Mama, hapo sina jibu, na tarehe haina gharama kwa Hazina kama nyongeza ilivyo. Narekebisha msimamo: kwanza tarehe, pili mkupuo wa kwanza uwe mkubwa kuliko mingine ili ubebe kodi, yaani Oktoba upewe siku 90 halafu iliyobaki igawanywe kwenye mikupuo mitatu. Jumla ileile, hakuna shilingi mpya. Mdogo wake mleta mada angepata 900,000, analipa kodi na dalali, anabaki na 410,000. Kanuni ya mfumuko wa bei ije baadaye, mbishane na Ohio.

#20 Mtumishi Mkatwaji

900,000 mkononi mwa kijana wa miaka 19 mwezi Oktoba, Ubungo, maduka ya simu yako mlangoni. Nakubali wazo, lakini sehemu ya kodi ningeipenda iende moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Tatizo wenye nyumba wa Msewe hawatoi risiti, na wakiambiwa serikali ndiyo inalipa, chumba cha 70,000 kitakuwa 120,000 kabla jua halijazama.

#21 Mstaafu wa Mlimani

Kitakuwa 150,000. Mimi ni mwenye nyumba.

#22 Chipsi Dume

😂😂😂 Babu!

#23 mama_wawili_chuo

Afisa, mwanangu, kabla uzi haujahama: huyu wa stashahada wakati wa kuomba aliandika baba ana ajira, kwa sababu siku ile alikuwa na kibarua cha jengo Kigamboni. Kibarua kiliisha. Hiyo nayo ni rufaa?

#24 Afisa Asiye na Ofisi

Ndiyo mama, ni rufaa, ila "kibarua kiliisha" peke yake itakuwa ngumu kwa sababu hakuna karatasi inayothibitisha. Mwambie aende serikali ya mtaa apate barua ya mwenyekiti inayoeleza shughuli za baba na zako, na kama mliwahi kuandikishwa TASAF atafute namba ya kaya, hiyo ina nguvu zaidi. Halafu aingie kwenye akaunti yake aangalie kama sehemu ya ajira ya mzazi imejazwa "ameajiriwa" au "amejiajiri", maana nimeona wengi wameweka ya kwanza kwa kutoelewa. Aje na simu yake dawati la mikopo la chuo chake asubuhi, Jumatatu kuna foleni, Jumatano kuna nafuu.